Dizeli Ambayo Sikuiuza

Watu husema gari fulani linakula mafuta. Neno hilo nimelibishia maisha yangu yote. Gari la dizeli la zamani halili kitu, anayekula ni mguu wa dereva. Nipe mimi mkonga uliochoka, mpe kijana mwenye haraka gari jipya, tupakie magunia sawasawa kutoka Shinyanga mpaka Bugarama kule mgodini, halafu tukutane kituo cha mafuta tuone nani anajaza mengi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwatambia madereva wenzangu pale Tinde tuliposimama kula, na walikuwa wananichukia kwa hilo. Wengi wao walinyonya mafuta ya matajiri wao kwa mpira na kuyauza kwenye madumu nyuma ya vibanda. Mimi sikuwahi kuuza hata kikombe, na nalisema hili mapema kwa sababu leo hakuna mtu Shinyanga nzima anayeliamini isipokuwa mke wangu.

Mkonga ni yale magari marefu ya kazi yenye bomba la hewa lililopanda ubavuni mpaka usawa wa paa. Huu ninaousema ulikuwa wa mama mmoja wa Ngokolo, mfanyabiashara wa mchele. Kila wiki nilimpelekea magunia kwa wateja wake huko kwenye machimbo, peke yangu, kwenda na kurudi. Gari lilinunuliwa na marehemu mumewe, na yeye ndiye aliyenifundisha kuliendesha; alipofariki, mimi ndiye niliyempeleka makaburini kwa gari hilohilo. Nilimwita baba, kwa hiyo mkewe nikamwita mama, ingawa umri wetu haupishani sana. Yeye aliniita dereva. Asubuhi nikifika kuchukua funguo namwambia, "Mwangaluka, mayu," kwa Kisukuma chetu, naye anaitikia huku anahesabu magunia.

Yule mzee alinifundisha kuendesha kwa sikio. Siku ya kwanza alizima redio, akashusha vioo vyote, akaniambia nyamaza. Injini ya dizeli ya zamani ina sauti mbili, alisema. Kuna mngurumo mkubwa ambao kila mtu anausikia, na juu yake kuna sauti nyembamba, kama mtu anayeimba puani. Ile nyembamba ikianza kupanda, badili gia hapohapo, usingoje ipige kelele. Ikianza kukwama, rudisha gia, usiilazimishe. Mlima upe mwendo kabla hujaufikia. Ukiona ng'ombe wanavuka mbele, toa mguu mapema uache gari litembee lenyewe, kwa sababu kila ukikanyaga breki unatupa mafuta uliyokwisha kuyachoma. Ukisimama kuongea na mtu, zima injini. Hakuna cha ajabu hapo, lakini mtu akifanya yote hayo kwa pamoja na kila siku, gari chakavu linarudi nyumbani na tanki lenye mafuta. Mimi nilirudi hivyo miaka mingi, nikawa naringa kweli.

Kabla ya udereva nilifanya kazi kwenye makarasha upande wa Geita, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Ni mapipa makubwa ya chuma, ndani yana mipira ya chuma, na yanazunguka kutwa nzima karibu na kichwa chako. Tuliongea kwa mikono. Puani tulifunga vitambaa kwa sababu vumbi tuliliona. Masikioni hatukuziba kitu, kelele haionekani.

Aliyejua kwanza kwamba nimeharibika ni mke wangu. Alikuwa akiniita toka jikoni nisiitike, akadhani nimenuna. Na kweli mimi ni mtu wa kununa, kwa hiyo ilichukua muda. Baadaye akaona hata simu ikilia mezani siigeuzii uso. Akanipeleka hospitali kwa kunivuta. Daktari akanipima, akasema mishipa ya ndani ya masikio imekufa na haifufuki, na itaendelea kufa. Alisema kuna mashine za kuvaa, kisha akaitazama kandambili yangu na hiyo sentensi hakuimalizia. Njiani mke wangu alilia. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu, nani atampa kiziwi gari lake? Kazi nyingine siijui. Shamba la baba yetu tuligawana na ndugu likaisha. Nikamwambia mke wangu, hili liishie hapa, asijue mtu.

Ile sauti nyembamba ya injini iliondoka yenyewe bila kuaga. Mngurumo niliendelea kuusikia, nausikia hata leo, lakini kile kilichokuwa juu yake sikukipata tena. Na mkonga ule haukuwahi kuwa na mshale wa kuonyesha injini inazunguka kiasi gani. Nikawa nabadili gia pale ninaposikia, na kumbe mpaka mimi nisikie, gari limeshapiga kelele muda mrefu. Nilijaribu kila kitu. Nilivua viatu nikakanyaga peku ili unyayo unisikilizie. Nilishika kichwa cha gia kwa kiganja muda wote nikitafuta mtetemo. Nilitazama kioo cha pembeni kuona moshi, maana moshi mweusi ni dizeli isiyoungua inayotoka bure. Kwenye lami ilisaidia kidogo. Ukishaiacha Kahama ukaingia njia ya vumbi kuelekea Bugarama, gari lote linatetemeka, sasa utajua mtetemo upi ni wa injini na upi wa barabara?

Mafuta yaliyokuwa yanatosha kwenda na kurudi yakawa yananiishia njiani. Mwanzoni niliongeza kwa hela yangu ili mama asijue. Mke wangu aliponibana nikamwambia ukweli, akaweka mwiko chini. "Yaani baba watoto," akasema, "mwenye gari unamnunulia mafuta, sisi huku tunakula mlenda?" Nilinuna siku nzima kwa kuwa alisema kweli. Halafu hela ikaisha, na mama wa Ngokolo akaanza kuona.

Hakunirukia kooni, hilo lazima niliseme. Alianza kulishuku gari. Akaita fundi, nozo zikatolewa zikapimwa, pampu ya dizeli ikafunguliwa, chujio la hewa likabadilishwa. Fundi akasema gari halina tatizo. Mimi nilisimama pale kando natikisa kichwa kama mtu anayeshangaa, na moyoni namwomba Mungu apatikane hata ufa mmoja kwenye bomba. Haukupatikana. Safari iliyofuata mama akaniambia pumzika, uso wako umechoka, akampa gari dereva mwingine. Ni kijana mmoja wa palepale Tinde, ambaye nilimcheka mara nyingi mbele za watu kwamba anaendesha kama anafukuzwa na nyuki. Akaenda na mzigo uleule, njia ileile, akarudi na mafuta tankini.

Wakaniita mchana, uani kwa mama. Alikuwepo na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu wa maneno makali. Nilikaa mahali ambapo jua linawapiga usoni ili niione midomo yao. Shemeji aliongea kwanza, na yeye anasikika kwa sababu haongei, anafoka. Alitaka niende polisi. Mama akamnyamazisha kwa mkono. Kisha akaniambia mimi, taratibu sana, na nilimsoma kila neno: "Dereva, kama kuna kitu kingine, niambie. Kama unaumwa, niambie. Mimi sitaki kuamini hili."

Alikuwa amenifungulia mlango kabisa. Ningesema tu masikio. Nimeifikiria ile dakika hata nikachoka nayo, na kila nikiirudia nafika palepale. Madereva wezi nawajua wengi, na sijawahi kumwona mmoja aliyekaa bila gari. Anafukuzwa Shinyanga anaajiriwa Kahama, anafukuzwa Kahama anaonekana Geita, tajiri mpya anamwambia nakujua wewe, ukinichezea nitakufunga, na kesho yake anampa funguo. Lakini kiziwi? Akishasema mtu mmoja kwamba yule hasikii honi, yule atakuja kuua watu, nimekwisha. Na hawatakuwa wamekosea, jambo hilo nalo linanikaa rohoni. Kwa hiyo nilimtazama yule mama machoni nikamwambia, "Nimeuza, mama. Nisamehe."

Alifunika mdomo kwa upindo wa khanga. Shemeji akasimama. Nikaweka ufunguo wa akiba, niliokuwa nao tangu enzi za marehemu, juu ya kinu kilichokuwa pale karibu, nikaondoka kwa miguu.

Habari ilinitangulia kila mahali. Pale Tinde wale madereva niliokuwa nawasema walinipokea kwa furaha ambayo sijawahi kuiona. Mmoja aliniagizia nyama, akanikalisha, akanipigapiga begani. "Kumbe mzee nawe wamo," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Nilikula ile nyama kwa sababu nilikuwa na njaa. Kanisani mke wangu akawa anakaa nyuma karibu na mlango, ibada ikiisha anatoka kabla hajasalimiwa. Hakunilaumu mbele ya watoto. Aliniambia mara moja tu kwamba ukiziwi ni ugonjwa na wizi ni tabia, na mimi nimewachagulia tabia.

Kazi nilipata upesi, kama nilivyotabiri, na sikufurahi kutabiri sawa. Tajiri mmoja mwenye tipa la dizeli, kuukuu kuliko hata mkonga, alinichukua nimbebee mawe kutoka mashimoni kwenda kwenye makarasha. Alisema ananijua mimi ni mwizi, na kwamba dawa yangu anayo. Dawa yenyewe ni kufuli kubwa kwenye mfuniko wa tanki, ufunguo anakaa nao yeye shingoni. Sikuwa nimelifikiria hilo. Sasa tipa linakunywa kwa mguu wangu kama mkonga ulivyokunywa, na tanki limefungwa. Siku akikaa chini akawaza mafuta yanatokaje kwenye tanki lenye kufuli, sitakuwa na wizi wa kusingizia. Kila jioni nikimkabidhi gari namwangalia usoni nione kama ameshaanza kuwaza.

Nilikuwa katika hali hiyo alipokuja yule mama nyumbani kwetu. Ilikuwa Jumapili mchana. Mke wangu akamtolea kiti, akampa maji, naye akanywa, akaniambia kilichomleta. Kijana wa Tinde anabana mafuta, sawa, lakini anaua gari. Klachi imekwisha, springi zimevunjika, mchele unafika umemwagika. "Mimi nimekusamehe, dereva," alisema. Alikuwa ameninyooshea uso kabisa, nikampata vizuri. "Kila mtu anateleza. Rudi kwenye gari lako. Niapie tu kwamba hutauza tena, yaishe."

Nadhani polisi ningewastahimili kuliko ule msamaha. Ningeapa pale, na kiapo kingekuwa cha kweli, na wiki hiyohiyo tanki lingerudi tupu. Angeniona nimemwapia Mungu nikamwibia tena. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, midomo imeshaanza kufunguka, anataka kusema. Nilimkata jicho. Akafumba mdomo, akaingia ndani, halafu akatoka tena.

"Siwezi, mama," nikasema.

"Huwezi nini? Kurudi, au kuapa?"

"Vyote."

Nilimwona akielewa, na alichoelewa ni kwamba naupenda wizi kuliko heshima yake. Hakukasirika. Ningependa angekasirika, angalau ningepata kitu cha kujibu. Akashukuru kwa maji, akavaa viatu, akamuaga mke wangu kwa mkono. Akaenda. Alipofika kwenye uzio alisimama, akageuza kichwa kidogo tu, nusu ya shavu, akasema neno. Midomo yake sikuiona. Nikafanya ninavyofanya siku hizi mtu akisema nami kwa mbali, nikainama kwa adabu nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Alibaki amesimama pale. Kisha akatoka, akapanda bodaboda iliyokuwa inamsubiri, wakaondoka.

Nilipogeuka mke wangu alikuwa ameweka mikono kichwani. Nikamuuliza kuna nini. Akanisogelea, akanishika mashavu kwa viganja vyote viwili, kama anavyofanya akitaka nimsikie, akaongea polepole usoni kwangu.

"Amekuuliza kama hata ile siku mnampeleka baba kumzika, uliuza mafuta yake."

Nilimwomba arudie, ingawa safari hii nilikuwa nimesikia.