Daktari Akija Nyumbani

Benchi la zahanati yetu pale Dutwa lilikuwa refu kuliko basi la Mwanza. Haya, nimetia chumvi, lakini Jumatatu lilijaa mpaka wengine wakakalia keria za baiskeli zao. Daktari, mstaafu wa serikali kutoka Pwani, alikuwa amefungua zahanati yake mwenyewe, ila Kisukuma kilimshinda kabisa. Mimi, mwenye kidato cha nne cha masomo ya usiku, nilikuwa mkalimani wake. Bibi akianza kueleza ugonjwa tangu mbuzi wake alipopotea, nilimpa daktari neno moja tu: "Mgongo." Nilijiona waziri.

Ndipo wakaja wahudumu wa afya wa mtaa. Walichaguliwa vijana wa papo hapo, wakafundishwa, wakapewa mabegi, wakaanza kupita kaya kwa kaya. Wa kwetu alikuwa binti wa jirani yangu, mwenye adabu ya kusalimia hadi ng'ombe. Alipima malaria uani, na mgonjwa mzito alimpeleka kituo cha serikali. Jambo jema, sibishi. Lakini benchi likabaki wazi.

"Watu wamepona wote?" daktari akaniuliza.

"Wanafuatwa majumbani, daktari."

"Basi na sisi tuwafuate. Wasiporudi msimu huu wa pamba, nafunga."

Tukaenda kwa bibi mmoja wa presha, mgonjwa wetu wa zamani. Tulimkuta uani akichambua pamba. Daktari, ndani ya koti lake jeupe, akamfunga kipimo mkononi. Jirani wa bibi akachungulia, akaliona lile koti, akatoweka mbio.

Kumbe nilisahau mila yangu mwenyewe. Kwetu mgonjwa hupelekwa kwa daktari, hata kwa baiskeli. Daktari akifika nyumbani, ujue mgonjwa habebeki tena.

Kufumba na kufumbua, Dutwa nzima ilikuwa uani: akina mama wamejifunga khanga viunoni, mmoja na mzigo wa kuni za msiba kichwani, mwingine amekuja analia tangu barabarani.

"Mwangaluka," bibi akawasalimia. "Nani amekufa?"

"Si wewe, mayu, mama yetu?" akauliza yule wa kuni.

"Basi nipisheni nikapike. Wageni mmekuwa wengi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Wanasemaje?" daktari akauliza.

Siku zote nilikuwa na neno moja la kumpa. Siku hiyo sikulipata.

"Wanasema karibu."

Akaziangalia zile kuni, kisha akakunja kipimo chake taratibu. Hatukwenda nyumba ya pili. Pamba ilipokwisha kuuzwa, alifunga zahanati akarudi kwao. Mimi aliniachia benchi.

Nimeliweka barazani kwangu. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, watoto wako mbali, nami hukaa pembeni kabisa, kwa mazoea ya kuwaachia wagonjwa nafasi.

Juzi yule binti wa jirani alifika, begi lake la dawa begani.

"Shikamoo baba. Humu ndani mko wangapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi na benchi."

Akacheka. "Kuna anayeumwa?"

Siku hiyo nilikuwa mzima kama dume la ng'ombe.

"Mimi," nikasema. "Kichwa, mgongo, magoti, na ukucha."

"Ukucha tena, baba?"

"Huo ndio mbaya zaidi. Kaa, nikueleze tangu ulipoanza."

Akaweka begi chini, akakaa.