Mama Nakala na Saini ya Mrithi

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la Mama Nakala, basi sheria wewe umeisikia kwa mbali tu, kama anayeshiba harufu ya chungu cha jirani. Mwanamke huyu hakusomea sheria. Alisomea kupiga chapa, miezi sita, na cheti chake kimetundikwa juu ya mashine ya fotokopi, kimepauka mpaka jina lake halisomeki. Hata waliolijua wamelisahau. Mama Nakala imetosha, na akiitwa vingine hageuki.

Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemchukua akiwa na miaka minne na kumlea mpaka naye akaota mvi. Chumba cha mbele ni duka, cha kati analala Shangazi, ambaye miguu ilimgomea miaka mitatu iliyopita, na cha nyuma analala Mama Nakala. Ukimtoa kwenye nyumba hiyo, hana duniani hata msumari wa kutundikia mwavuli. Na Shangazi hakuzaa, ila yupo mtoto wa marehemu mumewe, dereva wa lori, anayekuja Jumapili kwa Jumapili kumchua miguu kwa mafuta na kumchekesha. Mama Nakala humwita "mgeni wa miguu", na hamwiti hivyo kwa mapenzi.

Zamani kazi ilikuwa kupiga barua na kutoa nakala. Siku hizi watu wanauliza wakili kwenye mtandao. Yupo mmoja, picha yake ni duara dogo lenye tai, anajibu maswali ya watu bure kila asubuhi. Sasa wenye vidole vinene na simu nyembamba huenda kwa Mama Nakala. Wanasimulia, anaandika, kesho yake anachapa jibu na kuwasomea, na kama wakili kajibu kwa ufupi, Mama Nakala anaongeza chumvi yake.

Na maswali yenyewe, ndugu yangu, shika kofia. Kuna aliyeuliza kama anaweza kumshtaki kinyozi aliyebandika picha ya kichwa chake kwenye kibao cha saluni, chini yake pameandikwa "kabla". Kuna mwanamke aliyeishi na mwanamume miaka tisa, akamzalia watatu, jamaa sasa anawaambia watu ni mgeni wake. Kuna mpangaji aliyerudi kazini akakuta mwenye nyumba kang'oa mlango na kuondoka nao begani, akataka kujua kama nyumba isiyo na mlango bado inahesabika amepanga. Kuna babu aliyeuliza kama talaka ya kwenye ujumbe wa simu inafaa, na alipoulizwa nani kaitoa, akasema ni yeye, ila alikusudia kumtumia mke wa pili ikaenda kwa wa kwanza.

Mama Nakala aliyasikia yote bila kupepesa. Mshtuko wake ulikwisha zamani, kama wino wa katriji. Kwa maswali kumi, tisa alikuwa ameshayajibu kabla wakili hajapiga mswaki.

"Huyu wa mlango hana kesi ngumu," angesema. "Mimi ningekuwa na joho, mngenikoma."

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa wosia. Hapo ndipo alipojiona amewapita hata wenye tai. Mtu akija kuandika wosia, Mama Nakala humwambia, "Mlete unayemwachia. Atie saini yeye mwenyewe, shahidi namba moja. Kesho keshokutwa asitokee mtu kusema hakuwepo." Na ukitazama haraka, ina akili. Nani atabisha karatasi ambayo mwenye mali na mpokea mali wote wameitia saini? Utaratibu huo aliuvumbua mwenyewe, hakufundishwa na mtu, na kwa miaka kumi na moja mtaa mzima uliandikiwa wosia namna hiyo. Fotokopi ya kila mmoja aliiweka kwenye faili la kijani.

Basi Jumanne moja akaja fundi viatu, ambaye kibanda chake kinatazamana na duka. Kibanda hicho kilikuwa cha mjomba wake, aliyemfundisha kazi na kumwachia kila kitu, kuanzia cherehani ya viatu hadi nyundo. Mjomba alifariki miezi miwili nyuma. Sasa watoto wa marehemu wamekuja juu.

"Wanasema wosia haufai," fundi akasema. "Eti kwa sababu mimi ndiye niliyesaini."

Mama Nakala akacheka mpaka akavua miwani. "Kwa sababu ulisaini? Hiyo ndiyo nguvu yake, fundi. Hao wamesomea wapi?"

"Mmoja ana diploma."

"Ya kufuga kuku. Kaa hapo."

Akaandika kwa madaha, vidole vikikimbia bila kutazamwa. Akamweleza wakili kwamba wosia ulipigwa chapa vizuri, nafasi mstari mmoja na nusu, na kwamba mrithi mwenyewe alitia saini kama shahidi namba moja ili kuziba mianya yote. Mwisho akaongeza, "Tunaomba jibu lenye ukali kidogo, ili wasumbufu hawa wanyamaze." Akabonyeza, akajipangusa mikono kama mpishi.

Kesho yake akafungua mapema, akawasha kompyuta, jibu likawa limekwishafika. Akalisoma akiwa amesimama. Kisha akalisoma akiwa amekaa.

Wakili aliandika hivi: "Pole kwa msiba. Kwa sheria ya wosia, shahidi hatakiwi kuwa mtu anayerithi. Wosia wenyewe unaweza kusimama, lakini alichoachiwa shahidi huyo kwa kawaida kinaanguka. Shahidi yupo ili athibitishe kwamba mwenye mali alisema ya moyoni mwake, bila kuogopa wala kumwonea haya mtu aliyekaa mbele yake. Mrithi hawezi kujitolea ushahidi huo. Mwonane na wakili wa karibu nanyi mkiwa na karatasi zote, msichelewe. Naomba pia kujua: nani aliwashauri mrithi atie saini?"

Hilo swali la mwisho akalisoma mara ya tatu. Katika maswali yote aliyomwandikia, wakili hakuwahi kumuuliza yeye kitu. Alitazama picha ile ya duara, akaona kama tai nayo inamtazama.

Fundi viatu akavuka barabara, mkononi ana kiatu cha mtu, sindano ingali imechomekwa kwenye soli. "Vipi, kawachapa?"

Mama Nakala hakuongeza chumvi. Alisoma neno kwa neno, na sauti yake ilipofika kwenye "kinaanguka", ikaanguka nayo.

Fundi akakikalisha kile kiatu juu ya mashine ya fotokopi, taratibu, kama anayeweka yai.

"Kwa hiyo," akasema, "nilishika kalamu kwa mkono wangu nikajitoa mwenyewe."

"Mimi ndiye niliyekupa kalamu."

"Hilo nalikumbuka. Ukaniambia niandike jina lote, nisifupishe."

"Tutaenda kwa wakili pamoja. Nitasema mbele yake kwamba ni mimi."

"Utasema," fundi akajibu, wala hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kupandisha. "Na mimi wakati huo nitakuwa nashonea wapi?"

Alipotoka alisahau kiatu. Mama Nakala akavuta faili la kijani. Akaanza kufungua nakala moja moja. Mwashi na mwanawe, shahidi namba moja: mwanawe. Muuza mkaa na mkewe mdogo, shahidi namba moja: mke mdogo. Arobaini na tatu, na zote zina kasoro ya aina moja, kama sare za shule. Wengine wangali hai, wanaweza kurudi. Wengine walishazikwa na imani yao. Alipofika chini kabisa ya faili alipunguza mwendo, kwa sababu alijua nini kimelala pale.

Wosia wa Shangazi. Nyumba, vyumba vyote vitatu na uwanja, kwa mtoto wa kaka yangu. Shahidi namba moja alikuwa yeye mwenyewe Mama Nakala, saini imepinda kwa maringo. Shahidi namba mbili, fundi viatu.

Mtu aliingia kutaka nakala ya kitambulisho akamtazama, akaona heri arudi kesho.

Kisha akapita mlango wa ndani. Shangazi alikuwa ameegemea mito yake, redio ndogo kifuani.

"Uso huo umeutoa wapi?" Shangazi akauliza. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Shangazi. Ule wosia wako haufai. Mimi nilisaini, na mimi ndiye ninayerithi. Haitakiwi."

"Ni wewe uliyesema inatakiwa."

"Nilikosea."

Shangazi akazima redio. Akamtazama huyu mtoto wa kaka yake, mwenye mvi na miwani puani, kama anayemwona kaingia leo. "Rudia hapo mwisho. Sijawahi kulisikia hilo neno kinywani mwako."

"Nilikosea, Shangazi. Lakini ni jambo dogo. Naandika mwingine sasa hivi, maneno yaleyale, natafuta mashahidi wengine tu..."

"Ngoja kwanza. Huyo mwenye tai kasema kwa nini haitakiwi?"

Mama Nakala akaeleza. Akaeleza vizuri kuliko alivyotaka, maana ubongo wake una tabia ya kukariri. Alipofika kwenye kumwonea haya mtu aliyekaa mbele yako, Shangazi akaanza kutikisa kichwa, akiafiki, taratibu.

"Huyo kijana kalelewa," akasema. "Unakumbuka siku ile? Ulikaa hapo, miguuni pangu, na karatasi zako. Ukaniuliza, 'Shangazi, nyumba niandike nani?' Na kidole kimeshagusa herufi ya kwanza ya jina lako. Ulitegemea nikujibu nani, redio?"

Mama Nakala akasogea kitandani. "Kwani ulitaka kusema nani?"

"Ndilo swali usilotakiwa kuniuliza. Au nimemwelewa vibaya wakili wako?"

"Shangazi, mimi ndiye ninayekuosha. Ninayekulisha."

"Najua. Nipo kwenye huu mwili. Sasa niitie fundi viatu na nesi mstaafu wa nyumba ya pili. Fundi ataandika kwa mkono. Wewe nenda dukani, ufunge mlango."

"Fundi mwandiko wake mbaya."

"Afadhali. Hutausoma kupitia tundu."

Hivyo ndivyo mwanamke aliyeandika wosia wa mtaa mzima alivyotolewa nje ya wosia uliomhusu. Fundi alipita bila kumsemesha, akachukua kiatu alichokisahau, kopo la gundi mkono wa pili. Nesi alipita na miwani yake. Mlango ukafungwa, na Mama Nakala akakaa kwenye benchi lake mwenyewe, upande wa wateja, ambako hajawahi kukaa. Akagundua lina msumari unaochoma.

Akiwa hapo, akaingia mzee mmoja na wanawe wawili, wanataka wosia. Vijana walikwishasimama pembeni ya baba yao, mmoja kila upande, kama vishikio vya kikapu.

"Tumesikia tunatakiwa kusaini," mkubwa akasema.

Mama Nakala akamgeukia mzee. "Baba, shamba unataka kumwachia nani?"

Mzee akafungua mdomo, lakini macho yakatangulia, yakaenda kwa mkubwa, yakamwangalia kidogo, ndipo sauti ikatoka. Lilikuwa jambo dogo sana. Lakini Mama Nakala alikwishaliona. Aliliona kwa mjomba wa fundi, aliliona kwa mwashi, kwa muuza mkaa. Miaka kumi na moja macho yale yalipita mbele yake, naye alikuwa ameinamia kupanga mistari.

"Vijana," akasema, "hebu tokeni nje. Mbali kidogo. Pale kwenye nguzo."

Wakatoka wakinung'unika. Mzee akabaki peke yake katikati ya chumba, akashusha pumzi ndefu, akaomba kiti.

Alikuwa angali anamsikiliza mzee mlango wa ndani ulipofunguliwa. Nesi akatoka, akasema habari za mchana, akapita. Fundi akafuata, vidole vina wino na gundi.

"Fundi," Mama Nakala akaita chini kwa chini.

"Usiniulize."

"Sijauliza kitu."

"Macho yako yameuliza." Akasita kizingitini. "Bahasha nimeifunga kwa gundi ya soli. Kuifungua ni mpaka uichane, na ukiichana itajulikana. Kesho saa mbili, kwa wakili, usichelewe." Akavuka barabara.

Kutoka ndani Shangazi akaita ageuzwe, mgongo unamuuma. Mama Nakala akaenda. Bahasha ilikuwa juu ya redio, nene, kingo zimekakamaa. Hakuitazama mara ya pili. Akapitisha mkono mmoja chini ya bega la Shangazi na mwingine chini ya nyonga, akasubiri Shangazi avute pumzi, akamlaza ubavu wa kulia, akanyoosha shuka iliyojikunja, akaupandisha mto mpaka ukakaa chini ya shavu.

"Leo umenigeuza vizuri," Shangazi akasema, uso ameshaugeuzia ukutani.

"Siku zote nakugeuzaje?"

"Kama karatasi kwenye ile mashine yako."

Mama Nakala akaupenyeza mto wa pili nyuma ya mgongo wa Shangazi, polepole, akauliza kama umekaa sawa.