Akordi ya Mlangoni

Sabuni ndiyo iliyonifichua. Nilikuwa nafua mashati ya baba uani, na povu likaingia kwenye michirizi ambayo nyuzi za gitaa zilikuwa zimechimba katika ncha za vidole vyangu. Nikautoa mkono majini kama mtu aliyegusa kaa la moto. Mama, aliyekuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, kizingitini, aliniita, akaugeuza mkono wangu wa kushoto kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu.

"Ni ile gitare ya yaya wako," alisema. Halikuwa swali.

Kaka yangu, niliyemwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu wote, alikuwa mfanyakazi wa reli. Tulikuwa tunaishi Katuba, mtaa wa watu weusi kando ya mji wa Wazungu, ambao wakati ule ulikuwa mpya bado: nyumba za matofali mekundu zimepangwa kwenye avenyu zisizo na kivuli, na vumbi la kiangazi likiingia hata ndani ya chumvi. Yaya alikuwa ameambiwa kwamba anahamishiwa Kamina, mbali na kwetu. Huko angelala katika nyumba ya vijana wasiooa, ambako kitu kizuri hakikai, kwa hiyo gitaa lake lingebaki. Swali lilikuwa libaki na nani.

Alitaka libaki na mimi. Ndiyo maana, kila baba alipokuwa kazini, alikuwa ananiketisha nyuma ya nyumba na kunifundisha. Lakini jirani yetu, fundi cherehani ambaye avenyu nzima ilimjua kwa vidole vyake vya gitaa, alikuwa ameshaliomba. Lake lilipasuka mvua ilipovuja ndani ya nyumba yake, na tangu hapo jioni za mtaa wetu zilikuwa zimepungua kitu. Baba alikuwa karibu amkubalie.

Mama hakumficha baba, wala sikutegemea amfiche. Baba alikuwa karani. Alikuja kutoka Kasai akiwa kijana, na maisha yake yote mjini yalikuwa kola iliyonyooshwa na viatu vilivyopigwa rangi, kwa kuwa aliamini kwamba watu wanaingoja nyumba yetu ikosee. Kwake gitaa lilikuwa kitu cha bia. Gitaa mikononi mwa binti yake lilikuwa bia mezani kwa padri.

Alimwita yaya sebuleni, mimi nikasikiliza nyuma ya pazia. Yaya alizungumza taratibu. Alisema mkono wangu unasikia haraka. Alisema sitacheza mahali popote ila nyumbani. Baba aliuliza treni inaondoka siku gani, na hapo nilijua kwamba anafikiria safari ya mwanawe kuliko gitaa. Mwishowe alitoa hukumu.

"Siku ya kukuaga, mbele ya bageni," alisema. "Akicheza bila kunipatisha haya, ile gitare inabakia hapa. Kama hapana, inaenda kwa fundi, na sitaki tena kusikia hii maneno."

Kuanzia hapo sikulala vizuri.

Yaya alikuwa ametunga wimbo mfupi usio na maneno, na ndio alionipa. Ulikuwa na mikao michache tu ya mkono, yaani akordi. Mmoja tuliuita nyumbani, kwa sababu wimbo ulianzia hapo na kurudi hapo. Mwingine ndio ulionitesa. Mtu anayejifunza, akifika kwenye mkao ule unaoitwa fa, anatakiwa alaze kidole kimoja juu ya nyuzi mbili za chini na kuzibana pamoja, na kidole changu kilikataa. Kilibana uzi mmoja, ule mwingine ukakwaruza kama kuku. Nililia kwa hasira. Yaya akacheka.

"Basi uuache ule mwembamba," alisema. "Usiubane. Uuache wazi, uupige hivyohivyo."

Niliupiga. Sauti iliyotoka ilinishtua. Haikuwa mbaya, lakini haikutulia. Ilikuwa na uchungu mdogo juu yake, kama chungwa ambalo halijaiva upande mmoja. Nilimwambia yaya kwamba uzi umelegea.

"Haukulegea. Ile ni saba kubwa."

Alikuwa ameipata kwenye karakana ya reli. Kulikuwa na fundi mmoja Mwitaliano ambaye saa ya chakula alikaa juu ya sanduku na kupiga gitaa lake, na hakumruhusu mtu mweusi kuligusa. Yaya alikuwa anakula mihogo yake karibu naye, macho kwenye vidole vyake, na siku moja alithubutu kuuliza jina. Septième majeure, yule akajibu bila kugeuka. Kwetu ikawa saba kubwa.

"Unasikia?" yaya aliniuliza, akiurudia. "Ni kama muntu anasimama pa mulango. Haingie, hatoke. Balioko mu nyumba banamungojea. Usimusukume. Muache asimame, kisha urudi nyumbani, utaona yeye mwenyewe anaingia."

Nilifanya mazoezi mpaka michirizi ya vidole ikawa magamba. Nilijifunza saba kubwa kabla sijajifunza akordi ya kawaida, kwa sababu ile ya kawaida ilinishinda. Kwa hiyo sikuwa na njia nyingine. Kama saba kubwa ingeharibika, sikuwa na kitu cha kuweka mahali pake.

Na kuna jambo moja ambalo yaya wala mimi hatukulifikiria, ingawa tulikuwa tunaliona kila siku.

Magitaa ya mtaa wetu yalikuwa machovu. Nyuzi nzuri ziliuzwa mjini kwa Wazungu, sisi tulifunga nyaya zilizofumuliwa kutoka kwenye breki za baiskeli, na funguo za kukazia, pale kichwani mwa gitaa, zilikuwa zimelika meno. Uzi ulilegea katikati ya wimbo kama soksi kuukuu. Kwa hiyo wapigaji walikuwa na desturi yao. Ukisikia uzi wa mwenzako umeshuka wakati mikono yake ina kazi, unainuka, unainama kando yake, unaukaza mpaka ukae sawa, unarudi kuketi. Huombi ruhusa. Yeye haachi kupiga. Ilikuwa heshima. Kumwacha mtu na uzi mbovu mbele ya watu, huku unasikia, ndiyo iliyokuwa dharau.

Jumapili ya kumuaga yaya ilikuwa ya baridi na jua kali, kama zilivyo za kiangazi chetu. Viti viliazimwa nyumba kwa nyumba. Mama alipika kuku, ugali wetu wa bukari na sombe. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ulikuwa kwenye ndoo ya enameli, bia ya wanaume chini ya meza. Wajomba walimtania yaya kwamba Kamina ataoa Mluba wa huko wa kumpikia panya, naye akajibu kwamba panya mnono anazidi kuku wa karani. Hata baba alitabasamu. Fundi cherehani alikuja amevaa shati jeupe, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu kabisa na kile nilichowekewa mimi. Alinisalimia kwa upole.

"Mama," aliniambia, kama wazee wanavyowaita mabinti, "banasema leo unatuchezea."

Nilisema ndiyo, papa. Nilijua kwamba nikishindwa, atarudi kwake na gitaa begani. Naye alijua. Aliyatazama magoti yangu ambapo gitaa lilikuwa limelala, kisha akayaondoa macho haraka, kama mtu anayekataa kuhesabu chakula cha jirani.

Baba alipiga makofi kidogo. Watu wakanyamaza. Shangazi mmoja alisema kwa sauti ambayo alidhani ni ndogo kwamba sasa mabinti ba karani banakuwa banaume, na mwenzake akamfinya.

Nilianza. Kidole gumba kwenye nyuzi nene, cha shahada kwenye nyembamba, kama wote wa avenyu yetu. Nyumbani palitoka safi. Nilipita mkao wa pili, nikarudi. Kichwa kimoja kikaanza kutikisika. Halafu nikafika kwenye saba kubwa, uzi mwembamba ukalia wazi, na kichwa kile kikasimama.

Niliona nyuso zikikunjika kidogo tu, kama mtu aliyeuma kokwa. Baba aliangalia viatu vyake. Nilirudi nyumbani, nikasikia pumzi zikishuka. Lakini wimbo ulikuwa lazima uende tena kule, na nilipofika mara ya pili, fundi aliweka bilauri yake chini, akapangusa mkono kwenye suruali, akainuka.

Mkono wake ulikuja mbele ya macho yangu, mkono wenye alama za sindano, uliokuwa umenipima mabega kwa gauni la komunyo yangu. Ulishika ufunguo wa uzi mwembamba.

Nilitaka kusema, papa, wacha. Lakini msichana hausukumi mkono wa mzee mbele ya wageni, na kumkataza kungekuwa kutangaza kwamba mpigaji mkubwa wa Katuba hasikii. Ng'ambo ya ua, yaya aliinuka nusu kitini. Baba alimwangalia, naye akaketi.

Ufunguo ulizunguka. Uzi ule wa breki, ambao yaya aliniambia nisiukaze hata kidogo kupita pale, ulitoa mlio mdogo mkavu karibu na shavu langu. Nilifumba jicho la upande huo. Niliendelea kupiga, kwa sababu desturi ilisema usiache. Sauti ilipanda, ikapanda, kisha mtu wa mlangoni akasukumwa ndani. Akordi ikawa ya kawaida, nzito, tamu kama chai ya mgonjwa. Watu wakasema "aaa" kwa raha. Fundi alinipigapiga begani na kurudi kwenye kiti chake.

Na baba, kwa mara ya kwanza siku ile, alitikisa kichwa kukubali.

Hapo ndipo hofu iliponishika kweli. Kwa sababu wimbo ulikuwa unatakiwa kurudi nyumbani, na nyumbani palihitaji uzi ule ule ukiwa wazi, kama ulivyokuwa kabla ya kukazwa. Nikienda huko sasa na kuupiga, ungelia kama mlango wa chuma. Kila mtu angesikia, na safari hii lingekuwa kosa la kweli. Nilibaki palepale, nikizungusha gumba kwenye akordi ile ya kukopa. Wageni walianza kuyumba vitini mwao. Walifikiri ndivyo wimbo unavyokwenda. Nilikuwa kama mtu aliyepanda mti na ngazi ikaondolewa.

Niliondoa kidole cha shahada kwenye uzi mwembamba. Nikarudi nyumbani bila huo. Wimbo ulichechemea, lakini haukuanguka. Nikazunguka tena, na nilipofika kwenye saba kubwa niliziona nyuzi zilizobaki zikitetema, na pale ambapo sauti ile ilikuwa inakaa palikuwa patupu kama kinywa kilichong'olewa jino. Niliisikia kichwani. Nilikuwa nimelala nayo usiku kwa usiku. Nikafungua mdomo, nikaiimba.

Haikuwa na neno. Ilikuwa sauti moja nyembamba, ileile, na ilipokaa juu ya gitaa, uchungu ule mdogo ukarudi uani kwetu. Shangazi alisema kitu. Sikumwangalia. Niliishikilia sauti bila kuihamisha, nikapeleka vidole nyumbani chini yake, na hapo ikatokea alichokuwa ameniambia yaya. Sauti yangu haikusogea hata kidogo, lakini ghafla ilikuwa ndani, imeketi, kama vile kiti kilikuwa kimewekwa kwa ajili yake tangu mwanzo.

Fundi aliinua kichwa.

Nilirudi mlangoni, bado naimba, pumzi yangu ikiwa imebaki kidogo. Aliinuka mara ya pili. Watu walicheka, mjomba mmoja akamwambia kwamba basi leo aishone kabisa hiyo gitare. Fundi aliinama, akaleta sikio lake karibu na mdomo wangu, akashika ufunguo, akaanza kuulegeza uzi huku akiugusa kwa kucha. Ulikuwa juu ya sauti yangu. Ulishuka. Ulikaribia. Mapafu yangu yalikuwa yanawaka na sikuthubutu kuvuta hewa, kwa sababu nikiikata sauti atakosa pa kuufikisha. Uzi na koo langu vilisuguana, vikatetema pamoja, kisha vikawa kitu kimoja, na nikanyamaza, na gitaa likaendelea na sauti yangu.

Nilimaliza wimbo. Kwenye saba kubwa ya mwisho nilimuacha mtu asimame mlangoni muda mrefu kuliko alivyonifundisha yaya.

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Wote walimtazama baba, na baba alimtazama fundi.

"Fundi, ile waya iko namna gani?"

"Iko muzima, karani." Alikuwa bado amesimama, akipangusa vidole kwenye suruali. "Haikukuwa na kosa. Ni mimi nilisikia mubaya."

Baba alinyoosha kola yake, ambayo haikuwa na mkunjo.

"Mama," aliniambia, "maliza kula. Kisha upandishe ile kitu ju ya kabati. Usiiache pa chini, iko vumbi."

Yaya aliondoka na treni ya kesho yake. Sikulia kituoni, nililia nyumbani, mbele ya kabati. Wiki haikuisha, fundi cherehani alibisha uani mchana, wakati baba yuko kazini na mama yupo, akaomba nimuoneshe ule mkao. Nilimpa kiti. Aliuweka mkono wake shingoni mwa gitaa, na kidole chake, kwa mazoea ya miaka, kikalala chenyewe juu ya nyuzi zote mbili.

Nilikishika, nikakiinua kidogo.

"Huu, papa," nikamwambia, "unauacha."