Picha ya Stesheni Kwenye Ukuta wa Tembe

Kaka yangu alipiga simu kusema tembe la mama, ile nyumba yetu ya udongo ya paa bapa, linabomolewa Jumamosi, mafundi wameshapatikana na mama ameridhika. Kaka yangu ana tabia ya kusema mtu ameridhika wakati mtu huyo amenyamaza tu. Nikapanda basi kutoka mjini, nikashuka Issuna, nikamkuta mama kakaa nje, ameegemea fimbo yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Mwambie kaka yako ule ukuta wa chumbani kwangu asiuguse mpaka itolewe picha yangu ya stesheni."

Sikuuliza picha ipi. Tulikua nayo.

Kuta za tembe letu zilibandikwa karatasi kwa ndani, ili udongo usitudondokee kitandani. Kila Krismasi ikikaribia, mama alikoroga uji mzito wa uwele, akabandika karatasi mpya juu ya zile za zamani. Za kwanza kabisa alipewa na muuguzi wa misheni, Mzungu, ambaye mama alikuwa akimfulia nguo. Yalikuwa majarida ya huko kwao Ulaya, ya miaka ile vita kuu vya pili vilipokwisha, yamejaa picha za habari. Habari zenyewe zilikuwa zimeshachacha, lakini sisi watoto tulizila hivyo hivyo. Tuliona wanawake waliojifunga vitambaa kichwani wakipokezana ndoo za matofali katika nyumba zilizobomoka. Tuliona foleni ya mkate kwenye theluji, na mtoto akiogeshwa kwenye karai ndani ya chumba kisicho na ukuta upande mmoja. Niliwahurumia sana wale watu, halafu nikalala na njaa yangu mwenyewe bila kujihurumia hata kidogo.

"Kumbe Wazungu nao wanapanga foleni!" mama alikuwa akisema, na kucheka. Kwenye picha ya stesheni hakucheka.

Pale walionekana askari wakishuka kwenye treni, wamekonda, wanarudi kutoka kifungoni. Pembeni amesimama mwanamke wa makamo mwenye koti jeusi, ameinua juu picha ndogo ya kijana. Muuguzi alimweleza mama kwamba huyo anawauliza askari kama kuna aliyemwona mwanawe. Hakuna hata askari mmoja anayemtazama.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyomchukua babu yangu. Alipelekwa uaskari mama akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakurudi, wala hakuja mtu kusema amekufa wapi. Ndugu walipotaka kukaa matanga, bibi alikataa katakata. Alisema yeye halii msiba usioletwa na mjumbe, na akafa hajalia. Picha ya babu haikuwepo hata moja.

"Mwenzangu yule ana cha kuinua," mama alituambia mara nyingi. "Mimi ningeinua nini?"

Asubuhi ile ya Issuna akanieleza anachotaka, na kaka yangu akisikia. Alitaka baba yake akaliwe matanga kabla yeye mwenyewe hajaondoka. Misiba ya siku hizi inawekwa picha mezani, akasema, na yeye ataweka ile.

"Lakini mama, huyo ni Mzungu," kaka akasema. "Watu watatucheka."

Mama akanyamaza. Kaka akanigeukia, akaniambia ameridhika.

Nikachemsha maji, nikachukua kitambaa na kisu butu, nikaanza kuulowesha ukuta. Zilitoka kalenda za kanisa, wagombea wa uchaguzi wenye tabasamu, matangazo ya sabuni, timu za mpira ambazo wachezaji wake sasa ni wazee. Nilikuwa nazirudisha Krismasi zetu nyuma moja moja, na zote zilinuka moshi. Mwishowe koti jeusi likatokeza, na nikafurahi kama mjinga. Nikaongeza maji.

Sikujua kwamba mchwa walikuwa wameshamaliza uji wote wa mama. Karatasi ile ilikuwa imeshikwa na udongo wenyewe, na udongo ulipolowa ukaanza kuteremka nayo. Nilipiga kelele. Kaka akaja mbio, akakinga viganja vyake viwili chini ya ukuta, tukaipokea wote. Uso wa mwanamke ulikuwa mzima, na koti, na mkono ulioinuliwa. Ile picha ndogo ya kijana mkononi mwake ilikuwa imefutika, pamebaki doa la udongo mwekundu.

Nililia palepale chini. Kaka, ambaye halii, alitoka nje kuwafokea mafundi ambao hawakuwa na kosa lolote.

Mama aliisogeza karatasi karibu na macho yake yaliyofifia, akapapasa lile doa kwa kidole gumba kwa muda mrefu.

"Ianikeni kivulini," akasema.

Tulikaa matanga wiki iliyofuata, kando ya kifusi cha tembe. Walokole walikuja, Waislamu walikuja, mikeka ikajaa. Hapakuwa na kaburi, kwa hiyo watu hawakujua waelekee wapi, wakawa wanaielekea meza. Kaka alikuwa amekwenda mwenyewe mjini kuitilia picha fremu. Mama alilia siku ile kwa sauti ya mtoto, kilio ambacho bibi alikizuia maisha yake yote, na mimi niliogopa kumgusa.

Mzee mmoja mgeni, aliyetoka Mgori kumtembelea mkwewe aliye jirani yetu, alitupa mkono sote, kisha akasimama mbele ya meza. Akatazama sana.

"Poleni. Samahani mama, huyu Mzungu ni nani wenu?"

Kaka yangu akainamisha kichwa.

"Mwenzangu," mama akasema. "Naye hajajibiwa."