Gari Lililopanda Bila Mama

Juzi hapa Kisarawe nilimkuta fundi kijana akishusha injini nyingine kwenye pikapu, akitaka ivute kwa magurudumu yote manne. Harufu ya grisi ikanirudisha utotoni, kijijini kwetu Kibuta, kwenye gari la baba la kubebea mihogo.

Gari lile lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na mvua ikinyesha, lilisukumwa na mama pia. Baba alishika usukani. Mama alijifunga kanga kiunoni akasukuma mpaka juu ya kilima, matope yakimrukia usoni. Mimi niliamini kila gari lina mama yake kwa nyuma.

Kisha baba akanunua lori bovu la jeshi. Yeye na fundi mmoja wakahamishia kwenye gari letu injini yake na difu ya mbele, ile inayozungusha magurudumu ya mbele, wakigonga vyuma kutwa nzima, mpaka likabadilika sauti.

Alasiri ya kwanza ya mvua, mama alijifunga kanga kama kawaida, akaliwekea gari mikono. Likaondoka. Magurudumu yote yalichimba udongo, likapanda lenyewe, mama akabaki na mikono hewani.

Nikaangua kilio. "Mama, baba anatuacha! Hana haja na sisi tena!"

Honi ikalia kule juu, baba akaita. "Mama Mwanaidi, njooni basi!"

Mama alikaa kwenye gogo, akaanza kunawa miguu kwa maji ya mfereji, polepole, kidole kimoja kimoja. Uso wake ulitulia, nikadhani ana huzuni. Leo ndiyo naielewa sura ile.

"Mwache apige honi," alisema. "Leo na yeye asubiri."