Fundi Mansuetus na sheria ya kopo tupu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mbinga bado imejifunika ukungu, na kila mwenye akili zake yuko jikoni anaota moto. Mansuetus Ndimbo yuko nyuma ya nyumba yake, amechuchumaa kwenye umande, anapaka mlango wa banda la nguruwe rangi ya dhahabu.

Huu ni mkono wa tatu wa rangi. Wa kwanza aliupaka juzi, wa pili jana. Nguruwe mwenyewe, jike mnene mwenye masikio yaliyolala, amesimama upande wa pili wa mbao na kumtazama fundi kwa mashaka.

"Nguruwe hahitaji dhahabu," anasema Mansuetus kabla hajaulizwa. "Anayehitaji ni mimi. Nahitaji kopo liishe."

Anainua kopo, anachungulia ndani, anakwangua pembeni kwa kijiti, anachungulia tena. Bado lina rangi. Anashusha pumzi na kuhamia kwenye nguzo.

Mansuetus, mwenye umri wa miaka 47, ni mchora mabango. Kama umewahi kupita Mbinga, umeshasoma kazi yake hata kama hukujua ni ya nani. Vichwa vya wanawake vilivyosukwa kwenye kuta za saluni ni vyake. Misemo nyuma ya malori yanayobeba makaa ya mawe kutoka Ngaka ni yake, ingawa vumbi jeusi huila ndani ya wiki mbili. Ng'ombe anayetabasamu kwenye bucha karibu na stendi ni wake pia. Ukimuuliza ng'ombe anatabasamia nini mahali kama pale, hujibu kwamba mwenye bucha ndiye aliyetaka hivyo.

Bango la kawaida humpatia kati ya shilingi elfu thelathini na elfu sitini, na kazi hazikosekani. Kukosa kazi hakujawahi kuwa shida yake. Shida ni kwamba njia ya kurudi nyumbani inapita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Naingia kununua msasa," anasimulia. "Natoka na brashi mbili, rola, na kopo la zambarau. Zambarau! Nani Mbinga hii alishaniomba bango la zambarau?"

Kwa miaka mingi vitu hivyo vyote viliishia kwenye chumba cha pili cha nyumba yao. Makopo zaidi ya arobaini, mengine hayajafunguliwa. Brashi za kila unene, zikiwa bado kwenye mifuko yake ya nailoni. Vanishi, tapentaini, rula za chuma, na mashine ya kupulizia rangi aliyoinunua Songea wakati mtaa wao haujafikiwa na umeme.

"Umeme ulipokuja, kuku alikuwa ameshahamia kwenye boksi la mashine," anasema mkewe, Mektilda, huku akichambua maharage barazani. "Nikamwambia haya, itoe basi uitumie. Akasema tusimsumbue kuku, analalia."

La kuchekesha zaidi ni kwamba fundi huyu mwenye brashi za kufungua duka hufanya kazi kwa brashi moja kuukuu, mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mpya hazichovyi. Mwandishi alipomuuliza sababu, Mansuetus aliona haya kidogo, akaangalia chini.

"Brashi mpya ikiwa kwenye mfuko wake inaweza kuchora chochote," alisema. "Nikiichovya tu, inakuwa brashi yangu. Inachora kama mimi."

Hayo yote Mektilda angeyavumilia, kama alivyoyavumilia tangu waoane, isipokuwa jambo moja. Chumba kile kilijengwa kwa ajili ya kahawa.

Kahawa ni ya Mektilda. Miche aliipanda mwenyewe kwenye shamba alilopewa na mama yake, anaipalilia mwenyewe, na ndiyo iliyomsomesha binti yao Valeria hadi chuo cha ualimu. Mwaka jana magunia yake yalilala wiki tatu katikati ya makopo. Kisha yakapelekwa chama cha msingi cha ushirika, ambako mpokeaji ni Mzee Egidi, mtu mwenye pua inayoogopwa tarafa nzima.

"Alifungua gunia, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akanusa kiganja," anasimulia Mektilda. "Akanusa tena. Akamwita mwenzake naye anuse. Akaniuliza, mama, hii kahawa mmeipaka rangi? Foleni nzima ikaangua kicheko."

Mzee Egidi mwenyewe hana la kuficha. "Kahawa haina siri," aliiambia safu hii. "Ikilala na vitunguu, itasema vitunguu. Ile ya Mama Valeria ilisema tapentaini." Kahawa yote ikashushwa hadi daraja la mwisho. Mzee akaongeza kwamba ikirudi kunuka msimu huu hataipokea kabisa.

Jioni ile Mektilda alimuuliza mumewe swali moja. Ukienda kununua kreti ya soda kwa bei ya jumla bila chupa tupu, unauziwa? Mansuetus akasema hapana. "Basi na wewe hununui kitu kipya mpaka upeleke makopo matatu matupu," mama akasema.

"Nikamwambia soda ni chupa kwa chupa, si tatu kwa moja," Mansuetus anakumbuka. "Akaniambia soda hainuki."

Alipendekeza pia ajenge kibanda cha nje cha kuhifadhia rangi. Hilo nalo lilikataliwa. Mektilda alisema kibanda kitajaa, kisha makopo yatarudi ndani yakiwa na wenzao.

Sheria hiyo ina askari wake, naye ni Sekela, mwenye duka lenyewe. Sekela ni mwenyeji wa Mbeya aliyehamia Mbinga na mumewe mtumishi wa serikali, na yuko kikundi kimoja cha vikoba, cha kuweka na kukopa, na Mektilda. Aliapa mbele ya kikundi kutomuuzia fundi bila makopo matupu.

"Nimepoteza mteja wangu bora kwa mdomo wangu mwenyewe," analalamika Sekela, nusu akicheka. "Nikimwona anashuka kilima, nafunika brashi kwa khanga. Anasimama pale mlangoni anauliza, dada Sekela, chini ya khanga kuna nini? Namwambia ni mtoto amelala."

Mazoea yana taabu, na mwanzoni Mansuetus alitafuta njia za panya. Alimimina rangi kwenye ndoo ili apate makopo; Mektilda akaikuta ndoo. Sheria ikaongezwa kipengele: kila kopo tupu lazima lije na kitu kilichopakwa, kionekane kwa macho. Ndipo fundi alipoanza kupaka. Alipaka mipini ya majembe, mizinga ya nyuki na choo, ndani na nje. Jirani yake, Pankras, alirudi kutoka misa ya kwanza akakuta baiskeli yake imekuwa ya zambarau.

"Sikumdai hata senti," Mansuetus anajitetea.

"Nami sikumwomba," anasema Pankras.

Kufikia msimu huu, chumba kilikuwa kimebakiwa na makopo machache, mengi yakiwa ya buluu za aina mbalimbali. Kahawa ilikuwa vichanjani inakauka. Ndipo ikaja kazi kutoka Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa. Mvuvi mmoja, Allen, alitaka mtumbwi wake wa dagaa upakwe buluu na kuandikwa jina. Mansuetus akafunga makopo yote kwenye gunia, akaahidi kurudi nayo matupu, na mwandishi akafuatana naye.

Mbamba Bay, tulipokuwa tunasubiri gari, fundi aliona duka.

Hakuna aliyemjua pale. Hapakuwa na Sekela wala khanga. Juu ya meza kulikuwa na seti ya brashi kumi na mbili kwenye mfuko wa zipu, kuanzia nyembamba ya kuchorea nyusi hadi pana kama kiganja. Mansuetus aliifungua zipu, akaifunga, akaifungua. Mfukoni alikuwa na malipo ya awali ya Allen. Alipitisha brashi moja kwenye shavu lake, akafumba macho.

Kisha akamgeukia kijana muuzaji. "Unauza makopo?"

"Ya rangi gani, baba?"

"Matupu."

"Yenye nini?"

"Yasiyo na kitu. Matatu."

Kijana alimtazama mwandishi, kama anayeuliza iwapo mzee huyu ana mtu wa kumwangalia. Halafu akaenda nyuma ya duka, akarudi na makopo matatu matupu, akayaweka mezani. Akasema ni bure, tena amemsaidia kutupa.

Mansuetus alisimama muda mrefu, makopo upande mmoja, brashi upande mwingine. Mwandishi anakiri kwamba alikuwa ameshakata tamaa. Lakini fundi alifunga zipu, akairudisha seti mahali pake, akashukuru, akatoka mikono mitupu. Nje macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimeliona lile gunia la kahawa," alisema. "Mwaka jana watu walipocheka pale ushirika, na mimi nilicheka. Nikamwona Mama Valeria hacheki. Alifunga mdomo wa gunia taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Hakunigombeza njia nzima. Angenigombeza, ningenunua tena kesho yake." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nampenda yule mama, mwandishi. Sasa nimdanganye kwa makopo ya kuokota?"

Kihagara, mtumbwi ulikuwa umepandishwa mchangani. Allen akaeleza anachotaka: buluu ya ziwa.

"Ziwa la saa ngapi?" Mansuetus akauliza.

Allen hakuwahi kuulizwa hivyo. Alitazama maji, akatazama milima ng'ambo, akasema saa mbili asubuhi, wavuvi wakirudi na dagaa. Mansuetus alimimina, akakoroga, akaongeza tone la nyeupe, akamimina tena mabaki ya kopo jingine. Akafungua hata zile buluu ambazo hazijawahi kuguswa. Wavuvi walisogea wakawa wanatoa maagizo bila kuombwa. Ilipopatikana, Allen alichovya kidole, akakinyoosha mbele ya ziwa, akakitafuta asikione.

"Hii inauzwa duka gani?" akauliza.

"Haiuzwi," fundi akajibu, na uso wake ukang'aa kuliko lile banda la nguruwe.

Ubavuni mwa mtumbwi aliandika HAKUNA HARAKA, kwa ombi la Allen, ambaye injini yake ni ya zamani. Makopo yote yakaisha. Wakati wa kurudi, kondakta aliuliza gunia lina nini. Akaambiwa makopo. Yana nini? Hayana kitu. Akayatoza nauli hivyo hivyo.

Mektilda alipokea makopo, akayahesabu, na siku hiyo akachinja jogoo. Kuta za chumba zikasuguliwa kwa maji na majivu, dirisha likaachwa wazi siku nzima, mashine ikahamishiwa kwa Pankras pamoja na kuku wake. Brashi mpya ziliruhusiwa kukaa chini ya kitanda, kwa masharti.

Alhamisi iliyopita Mzee Egidi alifika mwenyewe kukinusa chumba kabla kahawa haijaingia.

"Shikamoo, mzee," wakasema mume na mke kwa pamoja, kama wanafunzi.

"Marahaba." Akaingia, akafunga mlango. Mektilda alikuwa amekamata pindo la khanga yake kwa mikono yote miwili. Mansuetus alikuwa amesimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza mwandishi alimwona hana hata kijiti mkononi.

Mzee akatoka. "Nimenusa ukuta," alisema. "Na majivu. Na panya mmoja, mfukuzeni. Kahawa iingie Jumamosi."

Mektilda alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akajiziba mdomo. Kisha akamsindikiza mzee hadi barabarani akimshukuru hatua kwa hatua.

Furaha ile Mansuetus hakuweza kukaa nayo bure. Alikimbilia chini ya kitanda, akachana mfuko wa nailoni, akatoa brashi aliyoinunua miaka sita iliyopita na ambayo haijawahi kuonja rangi. Akaichovya kwenye mabaki ya rangi ya bango la mteja, yaliyokuwa barazani. Mektilda aliporudi, mlango wa chumba ulikuwa umeandikwa kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, nzuri kuliko bango lolote la Mbinga: KAHAWA TU.

Mama alisimama akausoma. Machozi yakamlengalenga. Katika miaka yote ya ndoa yao, mumewe ameandika kuta za mji mzima na hakuwahi kuandika hata herufi moja nyumbani kwake.

Kisha pua yake ikacheza.

"Baba Valeria."

"Naam."

"Hiyo ni rangi ya maji au ya mafuta?"

Fundi alitazama brashi, akatazama mlango. "Ya mafuta," akasema, kwa sauti ya chini sana.

Mlango uling'olewa kwenye bawaba zake dakika hiyo hiyo, Pankras akashika upande mmoja. Mwandishi anapoondoka Mbinga, mlango umeegemezwa kwenye banda la nguruwe, unapigwa na jua. Kwenye chumba limetundikwa pazia la kitenge, na dirisha limefunguliwa tena. Mansuetus amekaa kwenye kigoda kando ya mlango wake, anafukuza kuku wasije wakaparua herufi.

Anasema ana mipango. Makopo matupu ya Kihagara yangemruhusu kununua mapya, lakini kwanza atamaliza brashi za chini ya kitanda, moja baada ya nyingine. Na gunia la kwanza la kahawa likipokelewa na Mzee Egidi, angependa kuliandika ubavuni jina kamili la Mektilda, kwa makaa, yasiyonuka.

"Ameniambia mlango ukiacha kunuka utarudi ndani, nami nirudi nao," anasema, na kuunusa kidogo pembeni. "Bahati yangu nilipaka mkono mmoja tu."