Mshale Uliosimama Katikati

Maji ya rejeta yakichemka yana harufu yake. Ina kutu, ina mpira unaoungua, na kwa mbali ina utamu wa kukera unaokaa kooni. Mpaka leo nikiipata barabarani nasimama kutafuta inatoka gari gani. Niliijua nikiwa na miaka tisa, msimu wa kuvuna mpunga, ndani ya pikapu ya baba iliyobeba magunia kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Lilikuwa gari kuukuu, baba alilinunua kwenye shamba la mkonge lililofungwa, na injini yake ilipata moto haraka kwenye vilima. Kwa hiyo nilikuwa na kazi. Baba aliangalia mashimo ya barabara, mimi niliangalia geji ya joto. Kila baada ya muda aliuliza, "Mwaju, mshale?" nami nikasema ulipo. Ukikaribia nyekundu tulisimama, tukaacha injini ipoe, tukaongeza maji. Tulikuwa tumekwenda hivyo miaka miwili bila balaa.

Geji zenyewe zilikuwa mbaya kuangalia, vioo vimepasuka na kuingia ukungu. Na watu wa kwetu wenye mizigo walikuwa na kawaida yao: kabla ya kupakia, mtu anaingiza kichwa dirishani, anasema washa tuone, anakagua mishale. Asiporidhika anatafuta gari jingine. Aliyetutafutia wateja ni Salehe, mdogo wake baba, na jambo hilo lilimchoma sana. Akamleta fundi kutoka Mikumi, jina lake Kondo. Nawataja kwa majina kwa sababu wamekaa miaka mingi bila kutajwa.

Ilikuwa Ijumaa, baba yuko msikitini. Kondo alifungua dashibodi, akang'oa geji zote tatu, akaweka nyingine alizozitoa kwenye gari lililopinduka. Zilikuwa zinang'aa. Ila ile ya joto haikupatana na kidude kilichofungwa kwenye injini, kile kinachopima joto na kuipelekea geji habari. Ufunguo ukizungushwa tu, mshale unaruka mpaka kwenye nyekundu.

"Ufanye ukae katikati," Salehe akamwambia. "Mteja akiona katikati, roho yake inatulia."

"Hata ukitaka ulale, nitaulaza," Kondo akajibu.

Akakata waya, akafunga kitu huko nyuma, mshale ukasimama katikati. Injini ilikuwa haijawashwa, baridi kabisa. Nikasema, "Baba mdogo, mbona umefika katikati na gari halijawaka?"

"Wewe bibi, ufundi ulisomea wapi?" Wakacheka wote wawili.

Kwa nini sikumwambia baba? Hilo nimejiuliza mpaka nimechoka. Alirudi na kanzu yake, akaona dashibodi inavyong'aa, akapitisha kiganja juu ya vioo kama anafuta vumbi ambalo halipo. Sikuwa nimemwona akifurahi vile siku nyingi. Na Salehe alikuwa amesimama nyuma yake, amenikazia macho.

Kesho yake tukapakia, tukaondoka. "Mshale?" Katikati, baba. Tulipopita kijiji cha Ulaya barabara ikaanza kupanda, gari likaunguruma kwa shida. "Mshale?" Katikati, baba. Ndipo harufu ikaingia. Nikasema, "Baba, kuna harufu." Akasema ni breki hizo, zinashika. "Mshale?" Nikaukodolea macho nikiuomba usogee, hata kidogo tu. Haukusogea. Katikati, baba.

Gari likazima lenyewe. Baba akashuka, akafungua boneti, akaniambia nilete galoni la maji. Mshale ukiwa katikati hakuwa na kawaida ya kungoja injini ipoe; alifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, taratibu. Akainama, akazungusha. Maji yalimrukia usoni kwa kishindo. Mimi yaliniunguza mkono huu wa kulia mpaka begani. Baba hakuona tena tangu siku hiyo mpaka tulipomzika.

Shule niliiacha darasa la tatu, nikawa namshika mkono kwenda chooni na msikitini. Salehe aliwaambia watu ni mipango ya Mungu. Yuko hai, na nikikutana naye sokoni Kilosa nampa shikamoo yake, anaitikia marahaba, tunapishana.

Mwaka huu mwanangu Idi amenunua pikapu kama ile. Siku hizi vijana wanayapenda magari ya zamani. Geji zilikuwa zimekufa, nikamfuata mpaka gereji Mikumi, nikakaa juu ya tairi. Fundi, kijana mdogo, alibandika sufuria ya maji jikoni, akatumbukiza kile kidude kikiwa na waya wake. Maji yalivyopata moto, mshale ukapanda nayo. Akaongeza maji ya baridi, ukashuka. Haikuchukua muda wa kuandaa chai.

Nikamuuliza amejifunza wapi.

"Kwa mzee Kondo, mama, marehemu. Alikuwa hafungi geji ya joto bila sufuria. Ukiisahau, anakufukuza kazi."

"Tangu lini?"

"Mimi nimemkuta hivyo."

Kama Kondo alianza sufuria baada ya baba, basi alijua alichofanya na hakuja hata kutupa pole. Kama aliijua kabla, ni mbaya zaidi. Idi atasafiri na geji inayosema kweli. Baba alisafiri na mimi, niliyejua, nikasema katikati.